Mama Amewaambia Naenda Korea Kutibiwa

"Mtu mzima hapandi ndege kwenda kuangalia maua. Akifanya hivyo, ama akili zimemruka, ama kuna mwanaume anamngoja huko."

Hayo ni maneno ya kaka yangu mkubwa. Aliyasema mbele ya ukoo mzima, watu wakacheka, na nilipotaka kujibu akanikata kauli. Basi namjibu hapa. Kaka, wageni wanaopita barabara yetu kwenda hifadhini kuangalia twiga, wana wanaume gani mle porini? Mbona ukiwaona unawapungia mkono na kuwaita watalii? Mzungu akifuata twiga ni utalii, mimi nikifuata maua ni wazimu. Sheria hiyo umeitoa wapi?

Admin, nifichie jina. Nina miaka hamsini na mbili, ni mjane, watoto wangu wanajitegemea. Nilifundisha jiografia sekondari, kisha nikarudi nyumbani Isingiro, Kyerwa, kulima kahawa na migomba. Naishi na mama yangu mzazi. Kwa miaka mingi nimesoma kila nilichokipata kuhusu Korea: majumba ya wafalme wao, mavazi yao ya asili yanayoitwa hanbok, milima yao, kabichi wanayoichachusha kwa pilipili. Mwezi wa nne, baridi ikiwaachia, miti ya cheri inachanua barabara nzima, na baada ya siku chache maua yote yanapukutika. Anayelima kahawa atanielewa. Mvua ikipiga baada ya kiangazi, shamba zima linageuka jeupe na kunukia, na wiki haiishi maua yamekwisha. Nikiwa mtoto nilikuwa nasimama katikati ya mibuni mpaka niitwe kwa ukali. Nataka kusimama hivyo kwenye nchi nyingine kabla magoti hayajagoma. Sina sababu nyingine, wala sioni kwa nini nidaiwe nyingine. Nauli imetoka kwenye kahawa yangu mwenyewe, viza ninayo, naondoka mwisho wa mwezi.

Sasa sikilizeni nilivyofanyiwa.

Nilinunua koti zito la mtumba gulioni, nikalijaribu uani. Nikaanza kupanda kilima kila asubuhi kuizoeza miguu, maana kule kutembea ni kwingi. Nikaona majirani wananitazama kwa huruma. Mmoja akaniuliza, "Umeamkaje leo, waitu, ndugu yetu? Lakini umekula?" Nikamwambia nimekula, tena kiporo cha ndizi na maharage. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia wosia.

Jumamosi iliyopita wanawake wa jumuiya yetu ya Kilutheri waliingia uani wakiimba, na mkungu wa ndizi na kuku wawili. Mwenyekiti wao akanishika mkono. "Dada, tumesikia. Usikate tamaa. Korea wana madaktari hodari."

"Madaktari wa nini?"

"Ah, usijikaze. Mama ametuambia."

Nikamgeukia mama. Mama alikuwa anawasifia kuku.

Wa mwisho kuingia alikuwa Mama Jovita, jirani yetu, ambaye mguu umemvimba mwaka wa pili sasa na hospitali zimemrudisha nyumbani. Alikuja kwa fimbo, na mayai kwenye kikapu. Akaniinamia sikioni. "Waitu, ukifika kwa hao madaktari, waulizie na mguu wangu. Waambie usiku ndiyo unawaka moto."

Nikakipokea kikapu, nikamsogezea kiti.

Walipoondoka nilimfuata mama jikoni. "Mama, naumwa nini?"

"Sikuutaja. Nilisema ni ugonjwa wa ndani."

"Kwa nini?"

"Kaka yako kashasema mwanaume. Maneno yamefika mpaka kwenye kwaya. Ulitaka niwaambie binti yangu anaenda kuangalia maua?"

"Ndiyo, mama. Hivyo hivyo."

"Mwanangu, ugonjwa hauna aibu. Maua yana aibu. Wewe nenda, uyaangalie, ukirudi tutasema umepona. Tutatoa na sadaka ya shukrani. Nani ataumia?"

Ataumia Mama Jovita! Na tunaumia sisi sote tunaoishi Karagwe na Kyerwa, ambako mtu hapewi ruhusa ya kusafiri mpaka awe anaumwa, amefiwa au anakwenda masomoni. Tumefika mahali mzazi anaona ni heri amchulie mwanawe ugonjwa kuliko kukiri kwamba mwanawe anakwenda kufurahi. Halafu tunajiita watu wa heshima.

Jumapili hii mchungaji ataniita mbele niombewe na usharika mzima. Nikisema ukweli, mama yangu, mwenye miaka themanini na kiti chake benchi la mbele, ataonekana mwongo mbele ya watu aliosali nao maisha yake yote, na uongo wenyewe aliusema ili anikinge mimi. Nikipiga magoti na kunyamaza, nitarudi "nimepona", na Mama Jovita atauza mbuzi wake awafuate madaktari ambao hawapo. Nikimnong'oneza yeye peke yake, kaka atakuwa ameshinda, maana safari yangu itabaki jambo la kunong'onwa.

Wanaotaka kuniambia nisameheane na kaka, wapite tu. Nasema na wewe mwanamke uliyewahi kuaga kwamba unakwenda kutibiwa au kuzika, kumbe ulikuwa unakwenda kupumzika. Niambie, nisimame au nipige magoti? Na usiishie hapo. Andika hapo chini ulikwenda wapi na uliona nini. Andika kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu Jumamosi jioni nitaketi na mama yangu na kumsomea majibu yenu yote, kabla ya kuamua.