Mgeni Nyumbani kwa Paka wa Mama

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini mchana, siku ya Jumatano, pikipiki kutoka Kabambare iliposimama mbele ya nyumba yetu hapa Kasongo. Nyuma ya kiti, juu ya mifuko ya ndagala, wale dagaa wakavu, palifungwa kitunga chenye kifuniko, na ndani yake kulikuwa na kitu kilicholia bila kupumzika.

"Mzee, twaa abiria yako," motari, mwenye pikipiki, aliniambia huku akifungua kamba. Alikuwa amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. "Toka Kabambare analia. Nilimuweka juu ya ndagala ili afurahi, kumbe ni kumutesa. Ananusa, hapewi."

Nilimlipa faranga elfu kumi na tano, bei ya mzigo mdogo. Akaniambia kwamba atarudi Kabambare Jumamosi asubuhi, na kwamba atapita kumchukua kuku.

Kuku huyo alikuwa wa kupelekewa dada yangu, aliyeolewa Kabambare. Kwetu paka hanunuliwi kwa feza. Ukipewa paka unatoa kuku, na ni lazima awe kuku anayetaga. Dada alikuwa amenipatia mtoto wa kike wa paka wake, na mimi nilikuwa nimemtenga tayari kuku mweupe chini ya tenga, uani.

Sikumtafuta paka wa pili kwa kupenda wanyama. Chumba cha nyuma tunahifadhi mpunga wa mbegu, na kwa miezi kadhaa panya walikuwa wakitoboa mifuko. Tulikuwa na paka, lakini alikuwa mzee. Meno yake ya mbele yalikuwa yameanguka, na panya wakubwa walimpita kama watu wanavyompita mlinzi aliyesinzia.

Paka huyo alikuwa wa mama yangu, na hapa lazima nieleze maana ya neno hilo. Mama ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli, basi. Hukaa kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba chake, miguu ameinyoosha, na paka hulala juu ya miguu hiyo. Mtu akija kimya na kusimama mlangoni, paka huinua kichwa. Mama huhisi uzito ukibadilika kwenye vifundo vya miguu, na kabla mgeni hajafungua kinywa, yeye husema, "Karibu." Wageni wengi hawajui kwamba mama haoni. Wengine huondoka wakisema kwamba mama yangu ana masikio ya ajabu. Yeye hawasahihishi.

Nilipomweleza kuhusu mtoto wa paka, alinijibu neno moja tu: "Angalia."

Mimi ni mtu wa kuangalia. Shule niliiacha mapema, na karibu yote ninayoyajua niliyapata kwenye vitabu vilivyookotwa huku na huku, na siku hizi kwenye simu. Nilikuwa nimesoma kwamba paka wawili wasikutanishwe siku ya kwanza, kwamba mgeni afungiwe peke yake. Nilikuwa nimeandaa chumba cha mpunga, sanduku, na mchanga. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Lakini mgeni alipofika na kulia vile, mafunzo ya vitabu yakakaa kando na malezi yakashika usukani. Katika mji wetu mgeni hafungiwi chumbani. Mgeni aliyetoka safari huingizwa sebuleni, hupewa maji, na chakula huwekwa mbele yake kwanza. Wenyeji hula baadaye, na ikibidi hawali. Hivyo nilimbeba yule mdogo kifuani, nikaingia naye kwa mlango wa mbele, nikamweka kwenye mkeka wa mama. Nikatwaa sahani ya bati ya yule paka mzee, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, nikatia ndagala, nikamwekea mgeni.

Paka mzee alisimama juu ya miguu ya mama. Hakupiga kelele. Alimwangalia mdogo akila, kisha aliniangalia mimi kwa muda mrefu zaidi. Akaruka dirishani, akapanda paa la jiko.

Magharibi hakushuka.

"Amekwenda?" mama aliuliza.

"Yupo juu ya jiko. Atashuka."

"Hm," mama alisema, na akavuta kitambaa akajifunika miguu.

Alhamisi asubuhi nilimfungia mdogo kwenye chumba cha mpunga, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo, na nikaweka ndagala ukutani chini ya paa. Kunguru walikula. Paka alikuwa amehamia paa la jirani, na adhuhuri sikumwona tena hata huko. Mke wangu, ambaye hanyamazi jambo likiwa la kuchekesha, alisimama uani na ufagio wake.

"Bwana amesoma," alisema, kama anamwambia kuku mweupe. "Amesoma mambo ya paka juma muzima. Sasa paka wake ndiye amehama, na yule wa watu ndiye iko mu nyumba."

Nilicheka kidogo. Lakini saa ile ile mama wa jirani alikuja kuomba moto. Alivua ndara zake na kusimama mlangoni kwa mama, akingoja kukaribishwa kama siku zote. Mama hakusema kitu. Alikuwa ameelekeza uso ukutani, akisokota ukambaa wa mkeka. Jirani akangoja, akaniangalia, akakohoa. Mama alishtuka mpaka ukambaa ukamtoka mkononi.

"Nani?" aliuliza. "Nani iko pale?"

Nilikuwa sijawahi kumsikia akiuliza swali hilo nyumbani mwake.

Jirani alipoondoka, nilikaa mkekani kando yake, nikamwambia uamuzi wangu: Jumamosi motari anarudi Kabambare. Kama paka wake hajarudi kwenye miguu yake kufikia hapo, mdogo atarudi alikotoka, na panya waendelee kula mpunga. Nilitoa faranga elfu kumi na tano nyingine, nauli ya kumrudisha, nikazikunja, nikazitia kwenye mfuko wa shati ili nisizitumie kwa kitu kingine.

Mama aliendelea kusokota ukambaa. Ijumaa, wanaume walipokuwa wametoka msikitini, mama aliniita.

"Mutoto yangu. Siku ile, ni nani alikula kwanza?"

"Mgeni, mama."

"Mu sahani ya nani?"

"Ya paka wako, mama."

"Na ulimuingiza kwa mlango gani?"

"Wa mbele."

Mama alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Bibi yako, mama ya baba yako, alikuwa na akili kuliko wewe," alisema.

Ndipo aliponisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia yote, ingawa nilikua ndani yake. Baba alipooa mke wa pili, mimi nilikuwa mgongoni. Mke huyo, mama yangu mdogo, nilimjua kama mtu aliyekuwapo siku zote. Wao wawili walilima shamba moja la mpunga mpaka kifo cha mama mdogo. Sikuwahi kujiuliza ilianzaje.

"Sikutaka kumuona," mama alisema. "Bibi yako alijua. Hakumuleta kwangu. Alimuweka kwake, nyuma ya ukuta. Mimi nilimusikia tu anatwanga. Siku ya kwanza nilichukia hata kinu. Siku zingine nikaanza kusikiliza: huyu hana nguvu ya mukono wa kushoto. Huyu anachoka upesi. Kisha bibi yako akaniletea kitenge chake nikifue pamoja na vyetu. Nikakifua. Nikajua harufu yake. Siku alipoingia, aliingia kwa mulango wa jikoni, na ni mimi nilimufungulia. Chakula, nilikula mimi, yeye anangoja. Siku hiyo tu. Kesho yake tulikula pamoja."

"Na ulimpenda?"

"Nani anakuuliza ya kupenda? Nilimufungulia mulango." Akapapasa ukingo wa mkeka. "Alipokufa, nililala na kile kitenge mwaka muzima. Lete huo mutoto wa Kabambare."

Nilimleta. Mama alivua kitambaa cha kichwani, akamfunga mdogo ndani yake kama anavyofungwa mtoto aliyetoka kuogeshwa, akamsugua shingo na mashavu pole pole. Mdogo alinguruma kwa raha. Kisha mama akanirudishia mdogo nimfungie tena chumba cha mpunga, na akajitandikia kitambaa kile juu ya miguu yake. Akaomba sahani ya bati, ioshwe kwanza, itiwe ndagala. Akaigonga kwa kidole, mara kwa mara, bila haraka, kama mtu aliye na siku nzima mbele yake.

Aligonga mpaka karibu na alasiri. Mimi nilikuwa uani nikijifanya natengeneza mpini wa jembe. Paka mzee alitokea juu ya ukuta wa jirani, amekonda kidogo, manyoya ya mgongo yana majivu. Alishuka. Akaenda mpaka mlangoni kwa mama, akasimama, akanusa hewa.

"Umekuja," mama alisema, bila kuambiwa.

Paka alikanyaga kitambaa kwa mguu mmoja, akaurudisha. Akakinusa pande zote. Akatoa ile sauti ya hasira ya paka, kisha akala ndagala zilizokuwa kwenye sahani yake, zote, akalala pembeni ya kitambaa. Siyo juu ya miguu. Pembeni.

Jioni tulisogeza sahani mbili, ile ya bati na moja ya jikoni, kwenye mlango wa chumba cha mpunga, moja upande huu, moja upande ule, mlango umefungwa. Mama aliniamuru nisimpe mdogo chochote mpaka yeye mwenyewe asikie mkubwa akitafuna. Nilitii. Mkubwa alikula, ndipo nikamsukumia mdogo sehemu yake kupitia upenyo wa chini. Mguu mdogo ulitokea chini ya mlango, ukipapasa. Mkubwa aliuangalia kama mtu anavyoangalia barua isiyo na jina lake. Akaupiga mara moja, makucha yamefichwa. Mguu ukarudi ndani, kisha ukatokea tena.

"Anamuchapa," nilisema.

"Anamufundisha. Mwache."

Nimewahi kusoma juu ya watu wanaofundisha wanyama, na sidharau kazi yao. Lakini jioni ile nilimwangalia mama yangu, amekaa mkekani na macho yake yasiyoona, akipima kwa masikio wakati wa kusogeza sahani na wakati wa kunyamaza, na nikatambua kwamba sikuwa naona ujuzi wa paka. Nilikuwa naona jinsi yeye mwenyewe alivyopita mahali pagumu, na jinsi alivyokumbuka kila hatua ya wale waliomsaidia kupita.

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, mama aliniambia nifungue mlango kiasi cha ngumi. Nilifungua. Mdogo alitoka akiwa amejishusha mpaka tumbo linagusa sakafu. Mkubwa alisimama, akamfuata, akamnusa nyuma, shingoni, masikioni. Alinguruma kwa ubaya. Mdogo akalala chali. Mkubwa akamtwanga kofi moja la sikio, akageuka, akaenda kwenye sahani. Akala. Mdogo alijiburuta mpaka umbali wa shubiri moja na akakaa hapo, hakusogea. Mkubwa alipomaliza, alibakiza ndagala tatu. Sijui kama alishiba. Aliondoka, na mdogo akala zile tatu.

Niliwaacha hivyo, nikaenda uani kumfunga kuku miguu. Kitunga nilikiweka tayari kando ya mlango, na zile faranga zilikuwa bado mfukoni, kwa sababu mkubwa alikuwa amerudi ndani ya nyumba tu. Sikuwa nimemwona akirudi kwenye miguu ya mama.

Motari alikuja bila pikipiki. Alikuwa ameiacha barabarani, kwa muuza mafuta, akatembea kwa miguu na ndara za mpira, na hata mimi niliyekuwa uani sikumsikia. Alifika mlangoni kwa mama, akasimama. Nilimwona kwa mbali akiinua mkono kubisha.

"Karibu, mwanangu," mama alisema kutoka ndani. "Abiria yako harudi."

Niliacha kuku, nikaenda kuangalia. Kitambaa kilikuwa kimetandikwa juu ya miguu yake. Paka mzee alikuwa juu ya kitambaa, kichwa kimeinuliwa, akimtazama motari. Mdogo alikuwa chini ya mkeka wa pembeni, anaonekana mkia.

"Mama yako anaona sana," motari aliniambia kwa sauti ya chini.

"Ndiyo," nilisema.

Alimtwaa kuku mweupe na kitunga kitupu, akaomba nimsaidie kusukuma pikipiki mpaka iwake. Aliniuliza kama nina mzigo mwingine wa kupeleka Kabambare. Niligusa mfuko wa shati. Nilimwambia hakuna. Nilirudi, nikaziweka faranga mkononi mwa mama, naye akazihesabu kwa vidole, noti baada ya noti, akasema zinunuliwe ndagala, sahani ya pili ya bati, na kinachobaki kirudi kwake. Zilikuwa elfu kumi na tano kamili.