Mbayo Wawili wa Mutoshi

Siku Marlène Mbayo aliporudi kwa ndugu zake, hakuna aliyempa mkono. Gari la shirika la misaada lilimshusha kando ya barabara ya Mutoshi, nje kidogo ya Kolwezi, pamoja na blanketi za kijivu ndani ya nailoni, sufuria mpya, dumu la maji na turubai lililokunjwa. Mdogo wake Mechack alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama usoni, kisha akamtazama miguuni, kama mtu anayehakikisha kwamba nyayo zinagusa udongo.

"Yaya," alisema hatimaye.

"Tata?" aliitika mtoto wa kike nyuma yake, akidhani baba yake amemwita.

Mechack hakugeuka. Kwa miaka sita alikuwa akimwita binti yake yaya, dada mkubwa, kwa sababu mtoto huyo alipewa jina la dada yake aliyekufa. Sasa dada huyo alikuwa amesimama uani mwake na dumu mkononi.

Marlène alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Kabla ya vita aliuza samaki wa kukausha huko Pweto, kando ya ziwa. Mume wake alikuwa amefariki, na hawakujaliwa mtoto. Mwaka 2017, watu wenye silaha walipovamia, alikimbilia ufukweni pamoja na majirani wakapanda mtumbwi. Mtumbwi ulielemewa, naye akawa miongoni mwa walioambiwa washuke. Alishuka, lakini furushi lake, lenye simu iliyokuwa na namba ya Mechack, likabaki ndani. Mtumbwi huo ulizama. Marlène hakujua. Alikuwa ameshika njia ya miguu kuelekea mpaka wa Zambia, na huko alikaa kambini, akilima mboga, mpaka misafara ya kurudi nyumbani ilipoanza.

Mechack wakati huo alikuwa tayari Kolwezi, akichimba shaba kama vijana wengi waliotoka kaskazini. Aliyepata habari kwanza alimletea kikwembe, kitenge cha Marlène chenye maua ya njano, kilichookotwa ufukweni. Mechack alikizika. Kaburi ni dogo, na msalaba wake wa mbao umeandikwa jina kamili. Matanga yalifanyika, watu wakalia, watu wakala. Mke wake, Mignonne, alikuwa mjamzito. Mtoto alipozaliwa hapakuwa na mjadala: katika familia yao, anayekufa mbali hurudi kwa jina. Akaitwa Mbayo.

Na alikuwa Mbayo kweli, walisema wote. Alilala amefunika sikio moja kwa kiganja, kama shangazi yake. Alikataa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alikunja nguo kwa mkono wa kushoto ingawa hakuna aliyemfundisha.

Kwa hiyo, wafanyakazi wa shirika walipopiga simu kusema kwamba Marlène Mbayo ni mzima na anarudi, Mechack aliwajibu kwa adabu kwamba wamekosea. Marlène alikuwa nyumbani siku zote.

Jirani yao Dodo, mwosha madini mwenye mdomo, ndiye pekee aliyethubutu kucheka.

"Mama, tulikula bukari ya matanga yako," alimwambia Marlène kutoka upande wa pili wa ua, akifinyanga hewani tonge la ugali. "Tulikula na kuku. Sasa unataka tutapike?"

"Mulikula muzuri?"

"Muzuri sana!"

"Basi mubaki nayo."

Dodo alicheka mpaka akakohoa. Lakini alipopita karibu naye alizunguka mbali, akihakikisha kivuli cha Marlène hakimgusi.

Ndani ya nyumba hakuna aliyemtukana. Mignonne alimpikia kila siku, akamwekea sahani yake peke yake karibu na mlango, akaondoka kabla hajaanza kula. Sufuria mpya zilibaki nje, midomo chini. Blanketi hazikutolewa kwenye nailoni. Marlène alilala chumba cha mbele, na asubuhi aliona jivu limenyunyizwa kizingitini, jembamba, limesawazishwa kwa mkono. Kila mtu aliyeamka alilitazama kwanza, akitafuta nyayo. Kila asubuhi lilikuwa halina alama, naye hakujua kama hilo lilikuwa zuri au baya kwake.

Jambo lililomsumbua zaidi lilichelewa kumjia akilini. Jioni moja, akiwa amekaa uani, alisikia akina mama wa nyumba zote wakiwaita watoto wao, kila mmoja kwa jina. Gael! Merdi! Stany! Mignonne alitoka, akasimama mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akatembea mpaka barabarani, akamshika binti yake mkono, akarudi naye kimya.

Tangu siku ya pili ya kufika kwa Marlène, hakuna mtu katika nyumba ile aliyelitamka jina la Mbayo. Mtoto alizungumziwa kama "huyu". Mechack aliacha kusema yaya. Siku ya kwanza Mignonne alikuwa ameita "Mbayo!" kutoka jikoni, na sauti mbili zikaitika pamoja, moja ya mtoto na nyingine ya mtu mzima. Mignonne aliangusha mwiko. Hakuita tena.

Mtoto alilipokea jambo hilo kwa namna yake. Alikuja kukaa karibu na Marlène wakati mama yake hayupo.

"Wewe ni mi?" aliuliza.

"Hapana. Mi ni tantine yako, dada ya tata yako."

Mtoto alifikiri. "Basi mi ni nani?"

Valérie, mfanyakazi wa shirika anayefuatilia waliorejea, alikuja siku ya Jumatano. Alikuwa mwanamke mwenye haraka na huruma, na aliona sahani iliyokuwa peke yake mlangoni kabla hajakaa.

"Mama Marlène, ni lazima nikuulize wazi. Familia imekupokea?"

Marlène alitazama jikoni. Mignonne alikuwa amegeuza mgongo.

"Bado," alisema.

"Sikia. Jumamosi gari inarudi Pweto. Tumejenga nyumba huko kwa wale ambao hawana mtu. Nyumba nzuri, na bati. Nyingi zingali tupu. Kama hapa haiwezekani, unapanda. Kisha hiyo, sitakuwa na gari ingine."

Usiku huo Marlène aliziwaza nyumba hizo: safu ya mabati mapya kando ya ziwa, milango imefungwa, na yeye peke yake katikati yake. Mechack ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Kama angeondoka Jumamosi, kaburi lile dogo lingekuwa limesema kweli.

Ijumaa alasiri mvua ilijikusanya upande wa mji. Upepo uliinua vumbi jekundu. Akina mama wakatoka kuita, na watoto wakaingia mbio, kila mmoja kwenye mlango wake. Matone ya kwanza yalipopiga bati, Mignonne alitoka barabarani kumchukua binti yake, na barabara ilikuwa tupu.

Nyuma ya nyumba za mwisho kuna mashimo ya zamani. Wachimbaji waliyaacha baada ya udongo kuporomoka. Baadhi yamefunikwa kwa mbao, baadhi yako wazi, na mdomo wa shimo si mpana kuliko mlango. Mtoto mmoja alikuwa amemwona akielekea huko.

Walifika watatu, Mechack, Mignonne na Marlène, katika mvua iliyokuwa imeanza kufanya tope. Mignonne alisimama ukingoni akipaza sauti.

"Mutoto! Weh, mutoto!"

Hakuna aliyejibu. Mutoshi nzima imejaa watoto; neno hilo halikuwa la mtu.

"Umuite jina," alisema Marlène.

"Shiwezi."

"Juu ya nini?"

"Ukiita, haujue nani ataitika." Mignonne alikuwa akilia bila kujipangusa. "Beko wawili na jina moja, na mumoja tulimuzika. Ukiita, unaweza kuita kifo."

Mechack alitazama chini.

Marlène alisogea mbele. Ilimjia kwamba hajawahi kuliita jina lake mwenyewe kwa sauti; hakuna mtu mwenye sababu ya kufanya hivyo. Alivuta pumzi.

"Mbayo!"

"Niko," lilijibu shimo la kushoto.

Sauti ilikuwa tulivu, ya mtu aliyengoja kuitwa na hakushangaa. Wote watatu waliisikia. Mechack alianza kukimbia kuelekea upande huo, na Marlène akamdaka shati. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Labda ni kwa sababu jibu lilikuja upesi mno, kabla jina halijaisha mdomoni mwake. Mwangwi ungerudisha neno alilolisema. Sauti hii ilikuwa imesema neno lingine.

Aligeuzia shimo lile mgongo, akaita tena, safari hii upande wa kulia.

"Mbayo, mutoto ya Mignonne! Kuya nyumbani!"

"Mama! Niko huku! Mama!"

Walimkuta nyuma ya kilima cha udongo, ndani ya shimo fupi lililofika kifuani mwa Mechack, mguu umebanwa na ubao. Alikuwa amelowa na alikuwa na hasira. Mechack alishuka, akamfungua, akampandisha begani. Njia ya kurudi iliteleza. Mignonne alikosa mahali pa kushika, akanyoosha mkono bila kutazama, na mkono alioupata ulikuwa wa Marlène. Ulikuwa na joto. Mignonne aliutazama kwa muda, kisha akaushika mpaka nyumbani.

Jikoni, Mignonne alipokuwa akimkausha mtoto nywele, alimuuliza kwa ukali wa mtu aliyeogopa:

"Ulienda kule kufanya nini?"

"Nilikuwa nangoja muniite. Batoto bote baliitwa."

"Na tantine alipokuita mara ya kwanza, juu ya nini ulichelewa kuitika?"

Mtoto alitoa uso kwenye taulo.

"Aliniita mara moja tu," alisema.

Mechack na mkewe walitazamana. Baada ya muda Mignonne alitoka kwenye mvua, akaingiza sufuria mpya, akaziosha, akaweka maji ya bukari motoni. Blanketi moja ilitolewa kwenye nailoni na mtoto akafungwa ndani yake. Chakula kilipoiva kilikuja katika sahani moja kubwa, na Marlène akaonyeshwa mahali pa kukaa, kati ya Mechack na mtoto.

"Jina ni ya mutoto sasa," Mignonne alisema, akimtazama. "Umeliita kwa mdomo yako, umemupa. Unakubali?"

Marlène alinawa mikono kwanza.

"Ninakubali."

Jumamosi Valérie alisimama mlangoni, injini ya gari ikiunguruma nyuma yake, akaita: "Mama Mbayo?" Marlène alikuwa karibu naye kabisa, akichambua maharage. Alinyamaza. Kutoka ndani mtoto akaitika.

"Huyu mukubwa tunamuita Majina," alieleza Mignonne, "juu ana jina moja na mutoto. Eko wa hapa. Gari inaweza kuenda."

Tangu wakati huo Mechack ameliziba shimo la kushoto kwa mbao na mawe. Msalaba wenye jina kamili ameuacha. Hakuna aliyemwambia autoe, na Marlène mwenyewe hajaomba. Jioni, akina mama wanapoita watoto wao, Mignonne husimama mlangoni na kuita jina lote, na la mama yake juu yake, ili pasiwe na shaka: Mbayo, mutoto ya Mignonne. Marlène akiwa uani huacha alichoshika na kufunga mdomo. Hungoja kusikia jibu linatoka upande gani. Mara nyingi mtoto huitika mara moja, kutoka barabarani. Jioni nyingine huchelewa kidogo, na katika ukimya huo wote watatu, Mechack akiwemo, hugeuza macho kuelekea kwenye mashimo.