Bado au Basi

Karakanani walimwita Masikio, na si kwa sababu ya ukubwa wa masikio yake, ingawa hata huo haukuwa haba. Kazi yake ilikuwa kupima beringi, pete za chuma zinazobeba ekseli, zilizokwisha kula chumvi nyingi kwenye mitambo ya majaribio, aseme kama za aina hiyo zinafaa kufungwa kwenye chombo cha kwenda angani. Huko juu hakuna fundi wa kuitwa, kwa hiyo neno lake lilikuwa la mwisho. Mashine ilichora mistari yake ya mtikisiko, kisha yeye akagusisha ncha ya bisibisi kwenye beringi inayozunguka, mpini sikioni, akafumba macho. Kwenye kadi aliandika neno moja tu: Bado, yaani ingali nzima, au Basi, yaani imekwisha.

Tangu amzike mkewe, alikuwa ameandika Basi kwenye kadi kumi na nne mfululizo.

Msimamizi, mwanamke aliyejifunza kazi mikononi mwa Masikio, alivuta kiti. "Mzee wangu, hizi beringi ni nzima. Ukiendelea hivi wataniambia nikuondoe, na mimi sitaki."

"Masikio yamechoka."

"Hayajachoka, ni msiba. Moyo wa mama ulisimama ghafla. Nani angejua?"

Masikio alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Siku ile yenyewe mama aliniambia nimsikilize. Tulikuwa tunakunja nguo. Akasema, 'Wewe si fundi? Hebu nipime na mimi.' Nikaweka sikio kifuani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, 'Bado, mke wangu. Miaka ishirini mingine.' Akacheka mpaka shuka likamponyoka."

"Basi mlikuwa mnataniana tu. Hukusikia kitu."

"Nilisikia," alisema. "Moyo ulikuwa unakwaruza. Niliusikia kama ninavyokusikia wewe sasa. Nikaogopa, nikampa Bado."

Mezani beringi ya kumi na tano ilikuwa ingali ikizunguka. Masikio akaisikiliza, machozi yakimtiririka bila kuyaficha. Ilikuwa laini, haina kasoro. Aliandika Bado, kisha akamkabidhi msimamizi bisibisi.

"Zile kumi na nne zirudie zote, sikuzitendea haki," alisema. "Na siku ukisikia kitu, mwanangu, sema. Hata kama anacheka."

Akatundika koti lake la kazi msumarini, akaenda zake nyumbani, ambako shuka lile lilikuwa halijakunjwa.