Ng'ombe wa Ezira Hawahesabiwi

Mwalimu Eliane ana sauti inayosikika hadi kwenye bomba la maji, na sisi tunaofundisha naye shule ya chekechea hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale tumezoea kuulizwa kila asubuhi kama usingizi tumeuacha nyumbani au tumeuleta darasani. Hasira zake ziko karibu. Watoto wanampenda hata hivyo, kwa sababu akikaa nao mkekani haigizi kucheza. Anacheza kweli, na akishindwa ananuna.

Kazi hii aliisomea Mbarara. Huko kila mmoja aliambiwa aandike ukurasa mmoja kuhusu falsafa yake ya kufundisha. Wengi walinakili kitabuni. Eliane aliandika maneno yake mwenyewe: "Naamini mtoto haji shuleni mikono mitupu. Anakuja na kwao." Karatasi hiyo ameibandika ukutani juu ya meza yake, ndani ya plastiki ili mvua isiiharibu.

Jambo ambalo hakuliandika popote ni kwao yeye ni wapi. Baba yake, mzee Rwakabuba, alikuwa mfugaji katika milima ya Kivu Kusini hadi siku ng'ombe wake wote waliposwagwa na watu wenye bunduki. Lakini siku ya kwanza ya masomo, mwanafunzi mmoja alicheka kwamba siku hizi hata wachunga ng'ombe wanakuja kusomea ualimu. Eliane alipoulizwa kwao, akajibu kwa Kifaransa chake kizuri kwamba yeye ni mtu wa mjini, wa Uvira. Uongo ule ulimkaa vizuri, akarudi nao hadi kambini. Mwacha asili ni mtumwa, wanasema, ila utumwa huu haukumuuma kwa miaka minne. Ulikuja kumuuma mwezi wa kumi na moja uliopita.

Wiki hiyo mada yetu ilikuwa wanyama. Kwetu mada moja hubeba masomo yote. Watoto wanawaimba wanyama, wanawafinyanga, wanawasimulia, wanawahesabu, bila kengele ya kutenganisha hesabu na lugha. Ezira, mtoto wa miaka sita anayelelewa na bibi yake Kanyange, ambaye yeye humwita Nyogokuru, alifinyanga kundi zima la ng'ombe kwa udongo wa kichuguu. Kila mmoja alikuwa na pembe zake na jina lake: Bihogo, Gaju, Gitare, Sine, na wengine. Akawajengea zizi la vijiti, akawa anawaita waingie.

Hapo ndipo alipofika Bwana Mbabazi, mkufunzi aliyemfundisha Eliane kule Mbarara, na fomu za watoto wanaokaribia kwenda darasa la kwanza. Alichuchumaa kando ya zizi.

"Kijana, ngombe yako iko ngapi?"

Ezira akaendelea kupanga vijiti vya zizi. Mbabazi akanyoosha kidole juu ya ng'ombe, moja, mbili, ili amsaidie. Mtoto akalifunika zizi kwa mikono yote miwili, akamtazama mwalimu wake.

Eliane alijua. Wafugaji wa kwao hawahesabu ng'ombe, maana kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Mtu huwajua kwa majina, na asiyeitika ndiye aliyepotea. Yeye mwenyewe alipokuwa mdogo baba yake alimchapa mkono kwa kosa hilo hilo. Tena alijua kwamba Ezira huhesabu vifuniko vya soda hadi arobaini bila kukwama. Sentensi moja ingetosha kumwokoa. Lakini akiisema, mkufunzi angemuuliza yeye wa mjini ameyajulia wapi hayo.

"Huyu hajue bado kuhesabu," Eliane akasema.

Mbabazi akatia alama penye "bado". Sote tulielewa maana yake: mwezi wa pili wenzake wangekwenda darasa la kwanza, yeye angebaki mkekani. Kisha, kwa kuwa ufinyanzi ulimpendeza, mkufunzi akamwinua ng'ombe mmoja mwekundu, akasema atawaonyesha wanafunzi wake Mbarara. Eliane akamfunga ng'ombe yule kwenye gazeti. Hakuna aliyemwomba mwenye mali.

Asubuhi iliyofuata Ezira alipiga magoti mbele ya zizi, akaita majina. Alipomaliza alikwenda moja kwa moja mezani kwa mwalimu.

"Mwalimu, Bihogo haiko."

"Mugeni alienda nayo. Utatengeneza ingine."

"Ingine haitakuwa Bihogo." Mtoto hakulia. Akaongeza: "Nyogokuru anasemaka hata zile zetu za kule, ni bageni balienda nazo."

Eliane aligeuka ili asionekane uso, na macho yakagota kwenye karatasi yake mwenyewe ukutani. Aliniambia baadaye kwamba aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Kilichomuumiza zaidi, alisema, ni jinsi alivyomfunga Bihogo kwa uangalifu, kama muuza samaki anayemfungia mteja.

Jumamosi aliondoka mapema, akapanda gari Rwekubo. Karibu na Kabingo ng'ombe wa pembe ndefu walivuka barabara, akajikuta ameinamisha macho asiwahesabu. Mbarara alimkuta Mbabazi ofisini, na Bihogo kwenye kizingiti cha dirisha. Alikataa kiti. Akaeleza yote akiwa amesimama: Rwakabuba, milima, Uvira ya uongo, na neno lile "bado".

Mkufunzi akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mimi ni mtu ya Rugaaga, kwa wafugaji," akasema. "Baba yangu hapana hesabu ngombe mpaka alikufa. Siku ile mtoto alifunika zizi, na mimi nilijua. Niliogopa wewe, mwalimu ya mjini, utanicheka."

Hakuna aliyecheka. Mbabazi akaitoa fomu, akampa kalamu, akamwambia aandike sahihisho na sababu yake. Eliane akaandika: "Anajua kuhesabu. Mwalimu alijua, akanyamaza." Akatia sahihi. Mbabazi naye akatia yake chini ya maneno yale yale.

Jumatatu, Bihogo alirudi zizini na ncha moja ya pembe imevunjika. Ezira alimkagua, akamweka mahali pake. Eliane akakaa mkekani karibu naye.

"Na sisi kwetu tulikuwaka na ngombe," akasema, na sote tukageuka.

"Zilikuwa zinaitwa nani?" mtoto akauliza.

Akamtaja Gaju. Akamtaja Gitare, kisha Kagondo wa madoa. Halafu akakwama. Kundi la Rwakabuba lilijaza bonde, na kila jioni baba aliwaita wote huku binti akirudia majina mlangoni. Miaka yote aliyojiita mtu wa Uvira hakuwahi kuyatamka tena.

"Na zingine?" Ezira akauliza.

"Sijue."

Mtoto alimtazama kwa huruma, akamega nusu ya udongo wake, akamwekea mkononi.

"Haizuru, Mwalimu," akasema. "Haujue bado."