Sinema ya Bure Kila Jumamosi

Siku yangu ya kwanza kazini sikufungua kitabu hata kimoja. Mkutubi Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, mzee mwembamba wa kaunda suti, alinipa ndoo ya maji na kitambaa, akasema, "Binti, adui wa kwanza wa maktaba ni vumbi. Anza na rafu ya juu." Nilikuwa nimetoka Ipililo asubuhi ileile, cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha na viatu vya kuazima miguuni. Nikapangusa mpaka jioni. Kesho yake nikakuta vumbi limerudi, nikapangusa tena.

Hapo palikuwa Maswa, na cheo changu kilikuwa mhudumu wa maktaba. Chini yangu hapakuwa na mtu. Nilijifunza kubandika namba kwenye mgongo wa kitabu, kushona kilichochanika, na kufunga sanduku la vitabu vya kupeleka vijijini. Sanduku hilo lilikuwa la mbao, zito, na mimi ndiye niliyepanda nalo nyuma ya lori hadi Mwandoya na kwingine, nikakaa juu ya magunia ya pamba. Mgongo unaonisumbua leo ulianzia huko.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Bariadi nikiwa msaidizi wa mkutubi, na huko ndiko nilikokutana na sinema. Maktaba yetu ilikuwa kwenye ghala la zamani la pamba, jengo refu lenye madirisha ya juu. Mkutubi Mfawidhi wa pale alikuwa mwanamama wa makamo, mchapakazi, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kunywa chai yake ikiwa ya moto kwa sababu simu ya mezani haikumpa nafasi. Wakubwa walikuwa wanamsukuma aongeze wasomaji. Siku moja akaniita ofisini.

"Mama Kulwa," akasema, "vitabu peke yake havijazi ukumbi. Kwenye vibanda vya video vijana wanalipa na kubanana kama dagaa. Sisi tutaonyesha bure, kila Jumamosi mchana, na tutaonyesha filamu mpya."

"Nani ataendesha mashine?"

"Wewe una mikono mizuri," akanijibu, akarudi kwenye simu yake.

Ninyi mnaobonyeza simu na picha ikaja mnaweza kudhani ilikuwa kazi nyepesi. Kwanza kulikuwa na kibali: filamu ina mwenyewe, na maktaba hairuhusiwi kuionyesha mbele ya watu mpaka mwenyewe akubali kwa maandishi. Kisha kuhakiki, yaani kuitazama filamu nzima peke yako kabla ya watu kuiona, ili ujue kuna nini ndani. Kisha giza. Nilipanda ngazi kuziba madirisha yale ya juu kwa kitambaa cheusi. Skrini yetu ilikuwa shuka jeupe la marekani, limevutwa kwa kamba likakaza kama ngozi ya ngoma. Projekta nayo ina balbu inayowaka moto mkali. Ukimaliza unaiacha feni yake izunguke mpaka ipoe, maana ukichomoa waya haraka balbu inapasuka na hamna nyingine karibu. Umeme ukikatika katikati ya filamu, na ulikuwa unakatika, inabidi uwatulize watu gizani kwa maneno matupu.

Kisha kutafsiri. Filamu zilikuja kwa Kiingereza au Kiswahili cha Dar es Salaam kinachokwenda mbio, na wengi waliokuja kwetu, wakulima waliofuata soko, wafugaji waliotoka Bukundi na ng'ombe wa mnada, Kiswahili kwao ni cha dukani na ofisini. Nikasimama kando ya skrini na kipaza sauti, nikawa nasema kwa Kisukuma kila kinachosemwa. Nilikuwa bwana harusi, mke mdogo, polisi na mtoto mgonjwa, wote mimi. Nikifika nyumbani sikuwa na hamu ya kuongea na mtu. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniwekea chakula akaondoka zake kimya.

Aliyewahi kufika kuliko wote ni Bibi Milembe. Alikuwa mjane, anauza michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, karibu na lango letu, na mchana wa Jumamosi alifunika ungo wake akaja kukaa benchi la mbele kwa sababu haoni vizuri. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwetu kuni ni shida, watu wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake unakula macho ya mwanamke pole pole tangu akiwa msichana. Kila mtu anajua. Na kila mtu anajua pia kwamba huku kwetu jicho jekundu la mwanamke mzee husemwa ni la mchawi, na wangapi wamepoteza maisha kwa maneno hayo. Sitaki kulizungushia jambo hili maua.

Bibi Milembe alizungumza na filamu. "Mwache huyo, ni mwongo!" alimwambia msichana kwenye shuka. Au alinigeukia mimi, "Ng'wana wane," yaani mwanangu, "hebu muulize huyo mwanamume ng'ombe zake ziko wapi." Ukumbi ukacheka naye. Wengine nadhani walikuja kumsikiliza yeye.

Halafu ikaja ile filamu. Ilikuwa mpya kabisa, watu wameisikia redioni, na vijana walikuja kuiulizia mezani kila siku. Kibali kikapatikana. Nikaihakiki peke yangu. Kijana anafukuzwa kazi, mtoto wake anaugua, mganga anatazama kwenye maji na kumtaja bibi wa nyumba hiyo, mwenye macho mekundu. Mwishoni vijana wanamwendea na mienge, nyumba inawaka naye yumo ndani, asubuhi mtoto amepona na baba amepata kazi. Muziki wa furaha, jina la mtayarishaji, basi.

Nilikwenda kwa Mkutubi Mfawidhi. "Mama, hii tusiionyeshe."

"Ina matusi?"

"Haina. Ina bibi anachomwa moto, na watu wanashangilia."

Akavua miwani, akajisugua macho. Alikuwa amechoka; hilo niliona hata siku ile. "Mama Kulwa, Jumamosi hii wageni kutoka wilayani wanakuja kuona kama ukumbi unajaa. Nikiwaonyesha filamu ya kilimo cha matuta watatukuta mimi, wewe na Bibi Milembe. Watu wanajua filamu ni filamu."

"Hapa kwetu?"

"Hapa kwetu. Usiwadharau watu wako."

Nikapanda ngazi, nikaziba madirisha.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Wageni wa wilayani walikaa kwenye viti vya plastiki pembeni, Mkutubi Mfawidhi katikati yao. Bibi Milembe alikuwa benchi lake la mbele, amevaa kitenge cha kanisani kwa heshima ya wageni. Nilikuwa nimemwambia mlangoni, "Mayu," yaani mama, "ya leo si nzuri. Pumzika nyumbani." Akanicheka. "Unataka kuninyima filamu mpya?"

Bibi wa kwenye filamu alipotokea, kamera ikamsogelea machoni. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Bibi Milembe huyo!" Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye naye akacheka, akageuka kumtafuta aliyesema. Mganga alipotaja jina, kicheko kikapungua. Nilikuwa bado natafsiri. Mienge ilipowashwa, mmoja wao akasema kwa Kiswahili, "Mchomeni mchawi," na zamu yangu ikafika.

Neno lilikuwepo mdomoni. Kwa Kisukuma ni neno fupi, nogi, na nimelisikia tangu utoto, likisemwa kwa kunong'ona. Sikuweza kulitoa kwenye kipaza sauti mbele ya mwanamke yule. Nikaiendea projekta, nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Picha ikaganda: mikono, moto, mlango.

Makelele yakazuka. Watu wakapiga mabenchi. Mmoja wa wageni akauliza kama umeme umekatika. Mkutubi Mfawidhi akanyanyuka na kusema kwa sauti yake ya chini, "Mama Kulwa, washa."

Nikabaki nimesimama. Ndipo Bibi Milembe aliposema, bila kugeuka, "Washa, ng'wana wane. Wameshanifikisha hapa. Ngoja nione wananifanyaje."

Niliwasha. Sikutafsiri tena, wakasikia Kiswahili cha filamu tu, na moto hauhitaji mkalimani. Nyumba ikaungua, mtoto akapona, muziki ukapigwa. Kule nyuma makofi yakaanza, machache, kisha yakakatika kama mtu aliyejikwaa. Nikafungua mlango, mwanga ukaingia.

Bibi Milembe alisimama taratibu, akashika mgongo wa benchi, akawageukia watu. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama alivyozoea kuuliza mambo ya filamu.

"Imeisha?"

Nikasema, "Imeisha, mayu."

"Sasa yule bibi amezikwa na nani?"

Aliwatazama, na wale waliokuwa wamekaa karibu wakatazama sakafu. Mtu mzima mmoja, mfugaji mwenye fimbo, alivua kofia yake. Bibi Milembe akasubiri jibu, na nina hakika alikuwa analisubiri kweli. Lilipokosekana akachukua mkongojo wake akatoka. Mkutubi Mfawidhi aliwaacha wageni kwenye viti vyao, akamfuata, akamsindikiza kwa miguu hadi nyumbani kwake, akiwa na viatu vyake vya kisigino.

Natamani ningewaambia kwamba watu walijifunza. Wapo waliojifunza. Yule kijana aliyepaza sauti alikwenda kununua michembe kwake Jumatatu. Lakini wiki hiyohiyo mtu alirusha mawe juu ya bati la Bibi Milembe, na mtoto wa jirani alipopata homa, mama yake akaacha kumsalimia. Wateja wakapungua, kisha wakaisha. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao na kukemea, tukaenda na Mkutubi Mfawidhi tukasema yetu, watu wakaitikia kwa vichwa. Mwana wa kiume wa Bibi Milembe, anayelima pamba Mwandoya, alisikia habari akaja na pikipiki. Hakubishana na mtu. Alimfunga mama yake kwa khanga nyuma yake kama anavyofungwa mtoto, asije akaanguka njiani, wakaondoka. Langoni kwetu pakabaki alama ya duara mchangani pale ungo ulipokuwa ukikaa, mpaka mvua ilipokuja.

Mkutubi Mfawidhi hakuwahi kulizungumza jambo hilo nami. Ila tangu hapo, kila filamu niliyoikataa aliikataa, bila kuniuliza sababu, na wakubwa walipolalamikia ukumbi mtupu alijibu yeye. Alihamishwa mkoa mwingine. Aliyemfuata alikuwa kijana wa chuo, mpole, akalazimika kujifunza mambo mengi kwa haraka. Aliyemfuata huyo alikaa muda mfupi tu. Mimi nilibaki na ngazi yangu na kitambaa cheusi. Wakuu walikuja na kuondoka, balbu ziliungua, na kila Jumamosi nilikuwa watu kumi na wawili kwa Kisukuma.

Karibu na kustaafu nilitumwa Mwandoya na projekta na jenereta. Tulitandika shuka ukutani kwenye ukumbi wa kata. Nikamwona Bibi Milembe amesimama mlangoni, ameshikwa mkono na mjukuu, amepungua sana. Nikamwamkia, "Mwadila, mayu." Alinitambua kwa sauti.

"Humo ndani kuna bibi?" akaniuliza.

Nikafikiri filamu nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, kabla ya kumjibu. "Yupo mmoja. Anachekesha. Anaishi."

"Basi nitafutie mahali pa kukaa," akasema.

Alikaa mbele. Hakuzungumza na filamu hata mara moja. Nilitafsiri mpaka mwisho nikimwangalia, na yule bibi wa kwenye shuka alipotoa kichekesho chake, mdomo wa Bibi Milembe ulisogea kidogo. Hayo ndiyo malipo niliyoondoka nayo. Alifariki kwa uzee, kitandani kwa mwanawe, na watu wa Mwandoya walimzika vizuri. Nilikwenda, nikaona kwa macho yangu.

Nimestaafu sasa. Walinifanyia chai na keki, wakanipa saa ya ukutani, wakasema maneno mazuri ambayo sikuyasikia yote kwa sababu spika ilikuwa inakoroma na nilikuwa nawaza ni waya gani umelegea. Watu wananiuliza kama naitamani kazi. Hapana. Nimechoka, na uchovu huu si wa kulala siku moja ukaisha. Siendi hata pale maktaba. Niliambiwa sinema za Jumamosi zinasuasua, kila mtu ana yake mfukoni.

Wajukuu wangu wanatazama filamu kwenye simu, chumba cha pili, wamejikusanya kwenye mkeka. Mimi nimejinyoosha kitandani mchana, nasikia sauti za watu wanaolia kwa lugha ambazo hakuna anayewatafsiria. Mara nyingi usingizi unanichukua. Lakini siku nyingine wanacheka sana, wote kwa pamoja, nami nanyanyuka, magoti yanalia, nashika ukuta, naenda kuangalia wanamcheka nani.