Kilo kumi na tisa za Dalila

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Dalila Momade anainua mzigo wake kichwani, anautua, anaufungua tena. Printa ipo. Karatasi zipo. Betri ya pikipiki ipo, na kiboksi cha kugeuza umeme wa betri kipo.

"Mama, kompyuta nimeisahau!"

Mama yake, Bi Sumaia, amekaa kizingitini anakuna nazi. Hainui hata uso. "Hujaisahau. Umeitia mwenyewe sasa hivi, nakuona."

Dalila anapapasa katikati ya karatasi. Ipo kweli. Ni nyembamba kuliko daftari la shule, na mzigo haukuonyesha kama umeongezwa kitu. Anafunga upya, anaweka ngata, anatoka.

Ni Alhamisi. Dalila, mwenye miaka ishirini na tisa, anakwenda Nambinda, kijiji cha upande wa bara, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kutoka Palma, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji. Kazi yake ni kuandika barua za watu wanaoomba kazi. Leo anajaribu kompyuta ambayo si yake, na mpaka Jumamosi lazima aseme kama anainunua au anairudisha.

Tangu gesi ipatikane chini ya bahari hii, kazi zinatangazwa Palma karibu kila mwezi: ulinzi, upishi, ufagizi, udereva. Kila anayeomba anatakiwa kupeleka barua iliyoandikwa kwa Kireno, pamoja na maelezo yake. Vijijini wengi hawajui Kireno cha barua, na nauli ya kwenda na kurudi Palma ni chakula cha nyumba cha siku mbili.

"Wao hawawezi kunifuata mimi," anasema Dalila. "Basi mimi nawafuata wao."

Aliishia darasa la saba. Kuandika kwa mashine alijifunza mjini Mocímboa da Praia, katika duka la mjomba wake Latifo, ambako kwa miaka minne alikuwa akichapa barua za watu na kufagia. Miaka mitatu iliyopita alinunua kompyuta iliyochakaa kwa fedha ya meticais elfu saba, akarudi kwa mama yake na kuanza kutembea.

Barua moja ni meticais sitini. Siku nzuri anaandika ishirini. Akitoa wino, karatasi na malipo ya kuchaji betri, anabaki na mia tisa hivi. Siku mbaya anarudi na muhogo.

Lakini kompyuta ile ya zamani haihifadhi umeme hata dakika tano, kwa hiyo lazima aibebe na betri ya gari. Mzigo wote, aliupima siku moja kwenye mizani ya wanunuzi wa samaki ufukoni Tungue, ni kilo kumi na tisa. Printa na karatasi huwa kichwani. Betri huwa begani, katika mfuko wa gunia.

Bega hilo la kulia sasa haliinuki sawasawa. "Muuguzi aliniambia, dada, mwaka mwingine wa namna hii na hutaweza kujifunga kilemba mwenyewe," anasema. "Nilicheka. Nilipofika nyumbani nikajaribu kujifunga kilemba. Nikaacha kucheka."

Hapo ndipo aliposikia habari za Aurélio.

Aurélio ni fundi wa kompyuta kutoka kusini, aliyekuwa na mkataba katika ofisi moja mjini Palma. Mkataba umekwisha, anaondoka Jumamosi, na anauza vitu vyake. Jumatano Dalila alikwenda kumwona.

"Alinipa kitu kama sahani," anasimulia. "Nikamuuliza, hiki ni kifuniko, kompyuta yenyewe iko wapi? Akacheka mpaka akakaa chini."

Ilikuwa kompyuta nzima. Haifiki kilo moja. Umeme wake unakaa saa tisa bila kuchajiwa. Dalila akapiga hesabu papo hapo: printa peke yake inatosheka na betri ndogo ya pikipiki, kwa hiyo betri ya gari itabaki nyumbani. Kilo kumi na tisa zitakuwa kumi.

Kisha akauliza bei. Dukani, Aurélio alimwambia, aliinunua kwa elfu sabini. Kwake angeitoa kwa elfu arobaini na tano.

"Niligeuka nyuma," anasema Dalila. "Nilidhani anaongea na mtu mwingine."

Dalila alikuwa na elfu arobaini na sita. Ni akiba ya miaka mitatu, nayo ina jina: bati za nyumba ya mama. Aurélio, alipoona anasita, alimwambia aichukue akaijaribu, amletee jibu Jumamosi.

Nyumbani Bi Sumaia aliipokea kwa mikono miwili, akaipandisha na kuishusha kama anayepima samaki.

"Sisi samaki akizidi uzito, bei inazidi," alisema. "Hii kadiri inavyopungua, ndivyo bei inavyopanda. Sasa ile isiyokuwepo kabisa wanaiuza kiasi gani?"

Hata hivyo hakumkataza. "Bati zitangoja," alimwambia bintiye. "Bega halingoji."

Alhamisi hiyo njiani kuna mkorosho ulioanguka ambapo Dalila hupumzika kila safari. Anaupita bila kusimama. Hatua chache mbele anashtuka kwamba ameupita. Anasema alilia kidogo, akitembea.

Nambinda, watu ishirini na watatu wanamngoja kwenye kibaraza cha mashine ya kusagia muhogo, mali ya Bwana Ussumane. Kazi zinazotafutwa safari hii ni za jikoni na usafi katika kambi ya wafanyakazi, na barua zinapokelewa mwisho Jumatatu. Dalila anatoa kile chombo chembamba, watu wanasogea.

"Hee! Hicho kioo cha kujitazamia?"

"Usikikoholee, Mamudo, kitaruka."

"Dada Dalila ameolewa na mzungu, hakutuambia."

Dalila anacheka, anaanza. Wa kwanza ni Luzia, mama wa miaka arobaini na moja, mpishi wa harusi na misiba, aliyehamia hapa kutoka Mueda, juu kwenye nyanda, alipoolewa. Dalila anaandika jina lake, jina la baba, umri, anachojua kupika na idadi ya watu aliowahi kuwapikia siku moja. Watu mia nne. Anaandika haraka, maana barua hizi zimo kichwani mwake. Anaandika ya pili, ya tatu. Anataka kumaliza zote, kisha azichapishe kwa mkupuo.

Anafika ya kumi na mbili Luzia anapouliza, "Mwanangu, karatasi yangu?"

"Sasa hivi, mama. Nachomeka printa."

Anachukua waya wa printa. Anatafuta pa kuuchomeka. Upande wa kulia, hakuna. Upande wa kushoto kuna tundu moja dogo, la kuchajia. Anageuza kompyuta chini juu. Hakuna.

"Niliijaribu kuandika nyumbani. Kuchapisha sikujaribu," anasema sasa, na hata leo sauti yake inashuka. "Nani angefikiri? Ni kama kununua nyumba, unaingia ndani, unataka kutoka, hakuna mlango."

Kibarazani watu wanaanza kunong'ona. Dalila anajaribu kuwatuliza. Anawaambia barua zipo salama, zimo humu ndani. Atarudi Palma azichapishe kwa njia yoyote na kuzipeleka mwenyewe.

Luzia anasimama.

"Jina langu limo humo?"

"Limo, mama."

"Na mimi mkononi nina nini?"

Dalila anautazama waya wa printa ulio mkononi mwake.

"Litoe," anasema Luzia. "Litoe jina langu humo sasa hivi."

Dalila anasema alishtuka kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. Miaka mitatu amekuja kijiji hiki, amekula muhogo wa Luzia. Lakini nyuma ya Luzia wengine nao wanasimama. "Na langu." "Na la mume wangu." Mzee mmoja anataka kuona kwa macho yake jinsi linavyotoka.

Sababu wanaijua wote, na Dalila anaikumbuka amechelewa. Mwaka jana walikuja watu na kioo kama hiki, chembamba na kizuri. Walizunguka mashamba wakahesabu minazi na mikorosho kwa ajili ya fidia, wakaandika majina, wakawaambia watu waguse kioo kwa kidole. Hawakuacha karatasi. Baadaye vigingi vyekundu vilipigwa katika shamba la Luzia, naye alipokwenda mjini kuuliza, aliambiwa jina lake halionekani.

"Sisemi waliniibia," Luzia anaeleza. "Sijui. Nasema sina karatasi. Ningekuwa na karatasi ningejua."

Dalila anafuta barua kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kila mwenye jina akisimama begani mwake. Kila jina likitoka, mwenyewe anarudi kuketi. Anapomaliza anafunga kile chombo.

Kisha anafungua bunda la karatasi, anaomba kalamu kwa Bwana Ussumane, na kuanza upya kwa mkono. Luzia ndiye anayejitokeza wa kwanza. Tangazo linataka barua iliyochapishwa, lakini leo ni hii au hakuna. Ishirini na tatu. Anamaliza saa tisa alasiri, bega linawaka, vidole vimejikunja. Kila mmoja anaondoka na karatasi yake, ameikunja kwenye kanga au ameitia ndani ya kofia. Wasiojua kuandika wametia dole gumba. Jumatatu mmoja wao atazipeleka zote Palma, kwa nauli ya kuchanga.

Malipo anakataa, kwa aibu. Luzia anamwekea sitini zake juu ya printa. "Karatasi nimepata. Chukua."

Anakwenda naye mpaka mwisho wa kijiji, kama kumsindikiza, na huko anauliza swali. Dalila amemwambia habari ya bega, ya kilo kumi na tisa, na ya betri ya gari.

"Hiyo betri," anasema Luzia, "kwa nini inatembea?"

"Namna gani, mama?"

"Mimi nikienda kupika harusi ya watu, sibebi mafiga. Mafiga yapo kwao. Nabeba mwiko wangu. Wewe kwa nini unatubebea mafiga?"

Dalila anasema alisimama njiani kama aliyesahau anakwenda wapi. Miaka mitatu! Mashine ya Bwana Ussumane inasaga kila siku. Ingeweza kuchaji betri huku ikisaga. Betri ingekaa hapo hapo, na wa kutembea angekuwa yeye tu, na kompyuta na printa yake.

Jumamosi asubuhi alirudisha kompyuta. Aurélio alikuwa akifunga mabegi.

"Menina, binti, ungeniuliza," alimwambia. "Hiyo haina tatizo. Kuna kidude unanunua, unachomeka pale, unapata matundu. Maputo ni elfu tatu. Au nunua printa isiyotumia waya."

Dalila, ambaye kwa kawaida haongei sana, alimtazama. "Yaani matundu waliyaziba wao, halafu wanayauza?"

Aurélio aliacha kufunga mabegi. Kisha akacheka. Mwishoni, alipokuwa akiifuta ile kompyuta kwa kitambaa, alikiri kwamba yeye mwenyewe kwa miaka miwili aliibeba kutoka kitandani hadi ofisini tu, na kutoka ofisini hadi kitandani. "Wewe ndiye mtu wa kwanza kuitembeza."

Je, inastahili bei yake? Dalila hataki kuisema vibaya. "Nilitembea saa mbili na nusu bila maumivu. Kwa hilo peke yake, ningekuwa na elfu sabini nyingine, ningetoa," anasema. "Inamfaa mtu ambaye akisema 'imo humu' anaaminiwa. Mimi watu wangu wanataka kushika."

Wiki mbili baadaye, Dalila yuko tena kwenye kibaraza cha Nambinda. Kompyuta ya zamani, nzito, ina ufa kwenye kioo. Printa inanguruma. Betri mpya ya gari, meticais elfu nne na nusu, ipo chini ya benchi, imeletwa na lori la muhogo la Bwana Ussumane. Akiondoka leo ataiacha. Anapanga kununua nyingine tatu, kwa vijiji vitatu anavyovipitia zaidi. Itakayobaki, elfu ishirini na nane, ni ya bati: nusu ya paa kwa sasa, upande anaolala mama.

Majina ya waliopata kazi za jikoni bado hayajatangazwa. Luzia hajui kama ataitwa, wala kama barua ya mkono itasomwa. Anauliza kila mtu anayetoka Palma.

Betri itakaa nyumbani kwa Luzia, kwa sababu mlango wake una kufuli. Dalila anamkabidhi, wanapeana mikono, na Dalila anaanza kufunga mzigo. Kilo tisa, zote za kichwani. Bega la kulia halina kitu.

"Ngoja kwanza," anasema Luzia. "Wewe unaondoka hivi hivi?"

"Nimesahau nini, mama?"

"Betri ni yako, imo nyumbani mwangu. Kesho nikifa, wanangu watasema ni ya mama yao. Umeshika nini mkononi?"

Watu kibarazani wanacheka. Dalila anafungua mzigo tena, anachomeka waya, anaandika mistari mitatu. Karatasi mbili zinatoka, bado zina joto. Luzia anatia dole gumba kwenye zote mbili, anaipuliza yake ikauke, na kumpa Dalila ya pili.

"Sasa nenda," anasema.