Bamba la Mashine na Hataza ya Kijerumani

Nilipoisoma barua ya mkaguzi nilifoka peke yangu mpaka vijana wa karakana wakazima mashine ya kuchomelea. Nilikuwa nimeomba hataza, ile hati inayotambua kwamba kitu fulani umekibuni wewe na hakuna aliyekutangulia. Kitu chenyewe ni mashine ya kumenya kahawa mbivu. Ina bamba linalorudi nyuma lenyewe likikutana na tunda kubwa, kwa hiyo punje hazikatiki. Niliihangaikia hapa Kimandolu huku wanaume wakipita na kuniuliza kama hayo mabati ni ya kupikia. Nilitaka karatasi moja tu yenye jina langu, niwabandikie ukutani.

Sasa mkaguzi ananiambia, kwa adabu zote, kwamba mashine yangu si mpya. Ushahidi wake ulikuwa mstari mmoja: herufi mbili za kuonyesha Ujerumani, namba ndefu, na jina la kiwanda. Nakala hakuambatisha. Alitaka nieleze mashine yangu inatofautianaje na hiyo. Eti nitofautishe na kitu sijawahi hata kukiona! Mjerumani gani huyo, kwao hata mti wa kahawa hauoti, akae atengeneze bamba langu?

Nikaenda steshenari moja Sekei. Dada wa pale akaipokea barua yangu, akaingiza ile namba kwenye hifadhi ya hataza mtandaoni, na hati ikaja. Lakini ilikuwa ya zamani, imepigwa picha, herufi zimefifia hata simu ikashindwa kuzitafsiri. Akachapa kurasa zote. Mimi nikarukia mchoro.

Mama yangu! Bamba lilikuwa bamba langu. Springi mbili, zimelala vilevile. Hata mpini wa kuzikazia ulikuwa upande wa kushoto, ambako niliuweka kwa sababu mimi ni mashoto.

"Dada," akasema yule wa steshenari, ameshika ukurasa wa kwanza, "mbona hapa kuna jina lako la ukoo?"

Nikamwambia asinitanie. Akanigeuzia karatasi. Kwenye nafasi ya mbunifu paliandikwa jina la ubatizo, jina la babu, jina la ukoo. Baba yangu. Baba yangu mzazi, aliyesoma Ujerumani ujanani, akarudi kufundisha hesabu shule ya msingi mpaka anastaafu, na ambaye sijawahi kumsikia akitaja mashine yoyote aliyoibuni! Dada wa watu akaniletea maji, nikayaacha mezani nikatoka na karatasi zangu.

Nilipanda mlimani kwa baba na bodaboda nikiwa nimefura. Nilikuwa naikumbuka siku ya kuijaribu mashine, hukohuko nyumbani kwake, kwa kahawa yake. Punje zilipoanza kutoka nzima nzima niligeuka kumtazama, hayupo. Alikuwa ameenda nyuma ya zizi, na hakurudi mpaka chai ikapoa. Nilimnunia sana. Sasa nikajiambia nimeelewa: mzee aliona nimemwibia.

Nilimkuta akikatakata migomba ya ng'ombe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona unahema?"

Nikampa karatasi. Akazipokea kwa mkono wa kulia, panga likiwa kwenye wa kushoto. Alipofika kwenye jina, panga likaanguka.

"Hii umeitoa wapi?"

"Baba, ulijua?"

"Sikujua! Haki ya Mungu sikujua."

Akanieleza kwamba mchoro ule aliuchora kwenye kiwanda alichopelekwa kwa mafunzo. Msimamizi wake aliutazama, akamwambia haufai, akautia kwenye droo. Hakuna aliyemwambia kwamba baadaye waliuandikisha, na jina lake ndani. Akarudi nyumbani akiamini kichwa chake si cha mashine.

"Na nilipokuletea mchoro wangu? Ukanyamaza kimya!"

"Ningesemaje, mama? Niliona ni uleule. Nikuambie haufai, na wewe unavyofurahi?" Akajifuta macho kwa kiganja chenye utomvu. "Halafu ukaiwasha. Ikamenya. Nikaenda nyuma ya zizi nikalia kama mtoto."

Nikaliokota lile panga, nikaliegemeza kwenye zizi.

Tukakaa kibarazani akanitafsiria hati yote, kidole kikifuata mstari, mara anacheka, mara anasema "Jamani!" Mwishowe akauliza mkaguzi anataka nini. Nikamjibu: anataka niseme mashine yangu inatofautianaje na yako. Akaomba mchoro wangu, nikautoa mkobani, akaulaza kando ya wake. Nilikuwa naomba moyoni apate hata skrubu moja.

"Haina tofauti," akasema. "Hata chembe."

Alikuwa anatabasamu. Hakuona kabisa ameninyang'anya nini.

Nikamwandikia mkaguzi hivyohivyo kwa simu, palepale, nikaondoa maombi. Kuitengeneza naruhusiwa, maana hataza ya zamani hivyo muda wake umekwisha, haimfungi mtu tena. Kusema ni yangu ndiyo basi. Ukuta wa karakana ungebaki mtupu.

Nilipoaga nilimwachia ile hati ya Kijerumani, akaiweka ndani ya Biblia. Kisha akanyoosha mkono tena, akataka na barua ya mkaguzi.

"Hiyo ni ya kunikataa mimi, baba."

"Najua," akasema. "Lakini ndiyo inayosema nilikuwa wa kwanza."